Springi za Kessy

Jumanne, 6 Agosti 1974
Kariakoo nzima hakuna pikipiki inayovuka shimo bila idhini yangu. Niliwahi kufunga springi, pikipiki ikaruka bonde la Jangwani ng'ambo hadi ng'ambo, dereva sigara haikumzimikia. Leo nimefunga mbili. Kisha kahawa. Hapo kwa muuza kahawa nikamkuta Kessy ananitangaza. Kessy huyu mwenye mwili kama gunia la mkaa, anayepeleka dawa vijiji vya ujamaa kwa pikipiki. Eti springi nilizomfungia zimegonga chini, zikamtupa mtaroni. Eti mimi ni fundi wa mdomo. Watu walicheka. Namchukia.

Alhamisi, 8 Agosti
Wateja wawili wamehamia kwa fundi wa Ilala. Wamepita mlangoni kwangu, wakanisalimia vizuri tu. Hiyo ndiyo imeuma.
Jumapili kuna mashindano ya pikipiki kwenye mashimo ya Jangwani. Kessy yumo. Ale vumbi mbele ya watu wale wale.

Ijumaa, 9 Agosti
Mungu si Athumani. Kessy kaja mwenyewe. Springi hukazwa kwa kuzungusha pete yake, na spana ya pete hizo mjini ninayo mimi tu, nimeichonga kwa chuma cha lori. Kanywea.
"Ndugu fundi, yaliyopita si ndwele. Nifungie."
"Utaruka mpaka ushangae," nikamjibu.
Pete ina ngazi tano. Siku zote nafunga ya pili. Yake nimepeleka ya tano. Nikaikalia. Ngumu kama benchi la mahakama. Shimo la kwanza tu itamrusha. Nimekwenda msikitini, sikumwombea mtu.

Jumapili, 11 Agosti
Nilijipanga penye shimo kubwa, shati jeupe, nione vizuri. Wenzake waligonga chini kwa kishindo. Kessy kaingia kasi. Katoka. Katulia kama yuko kwenye kochi. Kawa wa kwanza. Akaja akaninyanyua juu kwa mkono mmoja, mbele ya kila mtu.
"Safari hii umefunga kwa mwili wangu, mjomba."
Nilitabasamu. Moyoni namtukana mpaka babu yake.

Jumatano, 14 Agosti
Pikipiki saba mlangoni. Wale wawili wamerudi. Fundi wa Ilala kaja kuuliza nilifanyaje, nimemwambia ni siri ya ukoo. Kaondoka mdogo. Nimefurahi.
Ila lile neno la Kessy limenikaa. Kwa mwili wake. Miaka yote springi nazipima kwa kuzikalia mimi mwenyewe, mwenye pikipiki wala simpandishi. Na watu nawaambia nina kilo tisini.
Mchana, muuza mchele alipokwenda kula, nilipanda kwenye mizani yake. Hamsini na moja. Na spana mfukoni.