Vigae vya Tusekile

Jumatatu, 15 Aprili 1912

Saa moja asubuhi: mita mbili na sentimita kumi na nne. Mvua. Maji ya matope. Samaki wa mbasa bado hawajapanda.

Mgono umefungwa tena kwenye nguzo yangu. Wa tatu tangu Ijumaa. Nguzo imesimikwa hapa Kiwira kupima kimo cha mto, si kufungia mitego ya watu. Nimewaambia wavuvi kwa Kiswahili. Nimewaambia kwa Kinyakyusa changu kibovu. Wanaitikia "ndaga, karani," yaani asante, wanacheka, kesho wanafunga. Eti hakuna mti imara zaidi mtoni. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumanne, 16 Aprili

Mbili na thelathini.

Barua ya Bwana Daktari, mtafiti wa samaki, kutoka Tukuyu. Anataka kujua mbasa hupanda mto maji yakifika kimo gani. Mwaka wa tatu huu anauliza swali hilo hilo, na kila masika daftari limekuwa na pengo. Mara homa, mara nguzo kulala. Safari hii ameandika waziwazi: masika yakiisha bila siku hata moja tupu, napewa ruhusa ya kwenda Pangani. Likipatikana pengo, nabaki hapa masika mengine.

Miaka minne sijamwona mama. Zimebaki wiki tano.

Jumatano, 17 Aprili

Mbili na hamsini na moja. Maji yanapanda.

Tusekile ananimaliza. Ni mfinyanzi, Mkisi aliyeolewa hapa Ipyana, na kibanda chake cha kukaushia vyungu kiko hatua chache juu ya nguzo yangu. Kila asubuhi anachomeka kigae ukingoni, pale maji yalipoishia. Njia yangu imejaa vigae. Leo nimejikata kisigino.

Nikamwuliza anachotafuta.

"Nijue mto unakuja au unaondoka, karani. Ukija, nahamisha vyungu."

Nikamwambia ipo nguzo ya kazi hiyo, tena ina namba. Akasema yeye hasomi namba. Nimeondoka nikichechemea, nimekasirika, na sijui nimemkasirikia nani.

Ijumaa, 19 Aprili

Hakuna nguzo.

Mto umefurika usiku na kuing'oa pamoja na migono yao yote. Nimesimama pale na kalamu mkononi kama mjinga. Bamba la namba lilitoka Ulaya, halipatikani lingine. Naenda kulitafuta hadi ziwani.

Jumamosi, 20 Aprili

Siku mbili kwenye matete hadi Itungi. Nimepata ruba, sikupata bamba. Jioni nimerudi, maji yameshuka, na wavuvi wanaimba. Mbasa wamepanda leo. Leo! Miaka mitatu tunawangojea, nami nilikuwa Itungi napekua matete.

Nikakanyaga kigae tena, kidonda kile kile. Vilikuwa viwili, vipya. Nikavipiga teke vyote hadi mtoni. Tusekile aliniangalia, akarudi kwenye vyungu vyake. Afadhali angenitukana.

Mwili unauma. Baridi.

Alhamisi, 25 Aprili

Homa siku nne. Leo nimesimama.

Wavuvi wamenisaidia kusimika nguzo mpya, sikuwaomba. Namba nimechora kwa rangi. Mita moja na themanini na tisa.

Daftari la vipimo lina safu sita tupu, Ijumaa hadi Jumatano. Basi tena. Pangani kwaheri.

Ijumaa, 26 Aprili

Moja na themanini na mbili.

Nimeviona leo tu. Ukingoni, kuanzia juu kushuka, vigae vinne vimekandamizwa udongoni. Nikamwita Tusekile. Akanionyesha kimoja kimoja: Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kila asubuhi, kama kawaida yake, wakati mimi natetemeka mkekani.

Nikavuta kamba kutoka kwenye jiwe ambalo Bwana Daktari alilichonga alama ya kimo, nikaweka kipimamaji, nikapima. Kila kigae kimenipa namba yake. Safu nne zimejaa.

Nikauliza cha Ijumaa na cha Jumamosi viko wapi.

"Ulivipiga teke, karani."

Nikamwomba akumbuke Jumamosi maji yaliishia wapi. Akaonyesha mahali. Akasita, akaonyesha pengine, chini zaidi ya dhiraa moja. "Hapa, au pale. Ndiyo maana naweka kigae."

Jumapili, 28 Aprili

Moja na sabini na tano. Mvua imepumzika.

Jana nilikaa na kalamu mchana kutwa. Namba ya uongo ni rahisi. Mbili na sitini, nani atajua? Lakini Jumamosi ndiyo siku yenyewe ya mbasa. Bwana Daktari ataichukua namba yangu na kuichapa kitabuni, na itakuwa si ya mto, itakuwa ya hamu yangu ya nyumbani. Na Tusekile atajua.

Nimeacha safu mbili tupu. Kwenye sababu nimeandika: alama zilitupwa na karani. Tarishi ameondoka na barua asubuhi.

Baada ya ibada Tusekile amekuja na chungu kidogo, kimechomwa vizuri, shingo yake ina michoro. Alisikia naenda Pangani. "Cha mama yako," akasema. Nikamwambia siendi, labda masika yajayo. Akaniachia chungu hivyo hivyo.

Nimekiweka rafuni, mdomo chini, vumbi lisiingie.