Koki Mbili Zinazotoa Maji

Mama Shani, mke wangu,

Pokea salamu hapo Tabora pamoja na ukungu wa Uluguru, maana asubuhi hii umeingia hadi kwenye chai yangu. Mgongo unauma, lakini moyo umetulia.

Jumatatu nilikaribia kufukuzwa. Maji ya shamba hili yanafunguliwa na akili mnemba iliyo kwenye simu ya Dada Roza, mwenye shamba. Ilifungua koki isiyofaa, maji yakazoa matuta mawili ya miche ya kabichi ninayoyatunza.

"Baba Shani, ulilala?" Dada Roza akaniuliza.

Nikamwomba anisomee maelezo aliyoipa hiyo akili mnemba. Koki ya kwanza: hutoa maji. Koki ya pili: hutoa maji.

"Dada, hata mimi niliyeishia darasa la tano ningekosea."

"Haya mwalimu, sema niandike."

Nikasema kama ninavyomwelekeza kibarua mgeni: ya kwanza ni ya kumwagilia miche, maji yake ni ya polepole. Ya pili ni ya kuoshea tangi tu. Ina nguvu ya kubomoa tuta, usiitumie kumwagilia hata miche ikikauka.

Leo akili mnemba imefungua ya kwanza. Maji yalipita kati ya matuta taratibu, kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala, na mlima wote ukanyamaza. Nilisahau jembe mkononi.

Dada Roza amesema nibaki hadi mavuno, na kila kifaa kipya nikieleze mimi kwanza, ndipo aandike.

Nimekukumbuka sana. Mbusu Shani, umwambie baba yake bado ana kazi.