Kituo Juu ya Rafu ya Sahani

Jumamosi, 6 Agosti 1994

Kazi imeanza rasmi. Mke wangu Raheli ameridhia kunipa rafu yake ya sahani, futi nne na nusu, ingawa aliuliza kama vikombe vyake navyo vimepunguzwa kazini. Nimevihamishia mezani.

Madhumuni yawe bayana. Athumani, mwenzangu wa miaka kumi na tisa katika kupanga mabehewa pale kituoni bondeni, alifukuzwa mwaka jana. Ilidaiwa aliacha behewa bila breki, likateremka lenyewe, likabomoa ghala la mahindi. Sisi wengine tulipunguzwa kwa barua na kiinua mgongo. Yeye aliondoka na jina baya, na hadi leo hapewi hata kazi ya ulinzi. Rufaa yake nimeiandika mimi — kurasa sita, bila kufuta neno. Afisa wa kazi, Bwana Kristofa, anakuja hapa Magamba tarehe 17 kutusikiliza. Nataka akione kituo kwa macho.

Jumanne, 9 Agosti

Reli: vijiti vya mwavuli wa Kichina, uliodumu masika moja tu. Mataruma ya kulazia reli: vipande vya mbao ya mkulo kutoka kwa seremala. Behewa: boksi la kiberiti, magurudumu ya vifungo vya koti. Mtaimbo wa kubadili njia: spoku ya baiskeli.

Njia ni tatu. Njia kuu, njia ya ghala, na njia ya mchanga, ambamo behewa likitoroka huzamisha magurudumu na kusimama bila madhara. Upande wa juu wa rafu nimeuinua kwa kadibodi, kwa sababu kituo chenyewe kina mteremko.

Raheli amepita. "Baba Esteria, treni hiyo inafika Tanga, au inaishia kwenye masufuria?"

Alhamisi, 11 Agosti

Nimejaribu. Mtaimbo umerudishwa upande wa mchanga, kama kanuni inavyotaka na kama nilivyoeleza katika rufaa. Breki nimeilegeza, kwa kuwa hoja yetu ni kwamba ilikuwa imechakaa. Behewa likateremka — likaingia mchangani.

Mara saba. Mchangani.

Nilidhani rafu imepinda. Nikaipima kwa chupa ya maji. Haikupinda. Ndipo nikauelekeza mtaimbo ghalani. Behewa likaenda moja kwa moja na kuangusha ukuta wa kadibodi.

Nimekaa kitako.

Pale kituoni tulikuwa na ustaarabu wetu, ambao kitabu cha kanuni kiliukataza. Anayekwenda chai ya saa nne humwachia mwenzake mtaimbo ukiwa tayari kwa kazi inayofuata, asije akatembea hatua themanini juani. Siku ile kazi iliyofuata ilikuwa ya ghalani. Aliyekwenda chai nilikuwa mimi. Nimeapa mara mbili kwamba niliurudisha. Niliapa kwa sababu mimi ni mtu wa kurudisha.

Jumapili, 14 Agosti

Nimeikwaruza reli kwa tupa. Sasa behewa huruka na kwenda ghalani hata mtaimbo ukiwa umerudishwa. Kazi safi, hakuna atakayegundua.

Kanisani sikukaribia meza ya Bwana. Raheli aliona.

Jumatatu, 15 Agosti

Reli ile nimeing'oa. Nimeweka nyingine.

Jumatano, 17 Agosti

Bwana Kristofa amefika saa tano. "Shikamoo mzee." Kijana wa adabu. Athumani amekuja na kanzu iliyopigwa pasi, kama anayekwenda kuposa.

Afisa alifurahia rafu. Alilisukuma behewa mwenyewe. Mchangani. Akarudia. Mchangani.

"Sasa wazee, ghalani lilifikaje? Mtaimbo uliachwa upande gani?"

Nilifungua kinywa. Athumani akanitangulia.

"Ulirudishwa, bwana. Huyu hata koma haikosei, ataukosea mtaimbo?"

Wakacheka wote wawili.

"Basi?" afisa akauliza.

Athumani alilitoa behewa mchangani. "Labda nililisukuma kwa nguvu, likaruka njia. Labda breki kweli niliisahau. Andika hivyo, bwana. Nimechoka kubishana na watu."

Nikasema, "Athumani, subiri." Akanigusa goti. "Umenihangaikia sana, ndugu yangu. Inatosha."

Afisa ameandika maelezo hayo. Ni mistari mitano tu, lugha yake mbovu. Athumani ametia dole gumba. Chini pameachwa nafasi yangu: Shahidi.

Raheli ametangaza kwamba makande yameiva, na Bwana Kristofa ametoka nje kunawa. Karatasi ameiacha mbele yangu, na kalamu yake juu yake. Naandika haya kwa kalamu hiyo hiyo. Athumani ameketi hapa hapa, hatua moja kutoka kwangu, anavipangusa mchanga vifungo vya lile behewa kwa pindo la kanzu. Ananiuliza mbona naandika kwenye daftari na siyo kwenye karatasi.