Mtani Wangu Bosi

Jumatano, Mshangano

Na ubaya ni kwamba nilicheka.

Jana bosi alisimama mlangoni, wenzangu wote wakisikia, akasema, "Wewe Mngoni, kesho usije. Kiti chako nimempa mpwa wangu." Yeye ni Mhehe, mtani wangu. Tangu nipate hii ajira ya muda kwenye ofisi ya haki za binadamu, kila wiki ananifukuza, nami namjibu kwamba sifukuzwi na mla mbwa. Jana nilimjibu hivyohivyo. Ofisi nzima ikacheka.

Leo nimemkuta binti kwenye kiti changu, anamsikiliza baba mmoja wa Madaba aliyeachishwa kazi bila notisi.

Nikamfuata bosi. Hakuinua hata kichwa. "Nilikuambia mbele ya mashahidi, ukacheka. Sasa unalalamika nini?"

Na nilalamike wapi? Malalamiko ya namna hiyo nilikuwa nayapokea mimi.

Nyumbani nimemkuta mama anapalilia mahindi. Akauliza mbona mapema. Nikamwambia yule Mhehe amenifukuza.

Mama kacheka mpaka akaegemea jembe. "Na wewe ulimjibuje?"