Wageni Wema

Dada Mwanaidi,

Unisamehe kwa kimya cha miezi miwili, sina udhuru. Niko Jinja kwa Bwana Ramesh, mwuza vitambaa. Jana, tukila kachori barazani, mdogo wake Kishor alipiga simu kutoka Marekani, akamsifu kiongozi wao mhafidhina kwa kuwafukuza wageni. "Nchi ina wenyewe, kaka," alisema.

"Kishor, wanajeshi walipotufukuza sisi Wahindi hapa, ulikuwa na sanduku moja na kaptura," Bwana Ramesh alimjibu.

"Sisi tulikuwa wageni wema."

"Yule afande aliyetutoa dukani hakuuliza wema wetu."

Kishor akaeleza kwa sauti ndogo kwamba mkwewe, mume wa binti yake, aliitwa na idara ya uhamiaji Jumatatu na bado amezuiliwa, akingoja uamuzi wa hakimu. Anaamini kuwa karani amekosea, kwa kuwa kiongozi aliyempigia kura hawezi kumkusudia mkwe wake. Akatuomba tumwombee kijana, na palepale akatusihi tusimlaumu kiongozi.

Bwana Ramesh hakumcheka. Leo asubuhi amepanda ghorofani, akakifagia chumba cha wageni na kutandika vitanda viwili, cha kijana na cha mkewe.

Nakuombea afya njema, dada yangu. Hakimu akiamua, nitakuandikia.

Kaka yako,
Athumani