Kibano Kilichotudanganya

Chumba cha juu, nyumba ya fundi saa
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, siyo umepanda kiti unapangusa madirisha. Goti linaendeleaje? Mama anasema limetulia, lakini nakujua: ukiulizwa unajibu sijambo huku unachechemea. Mimi ni mzima, nakula, nalala. Kile kikohozi kimekwisha.

Mdogo wangu amenitumia picha ya mwanawe. Masikio yale ni yako, Shangazi, usibishe!

Uliniuliza kwa nini sikuja alipojifungua. Nitakueleza yote, maana wewe ndiye uliyenisomesha.

Kazi yangu ni hivi. Tunachukua kipande cha oksidi, yaani metali iliyoungana na oksijeni, king'avu kama kioo, ukubwa wa ukucha. Hakipitishi umeme hata kidogo. Juu yake tunaotesha tabaka jembamba mno la oksidi nyingine, nayo haipitishi. Lakini pale zinapogusana, umeme unapita! Mwaka huu kipimo chetu kikaonyesha jambo jingine: mpaka huohuo ulikuwa na usumaku. Mwalimu wangu alifurahi hadi akawa anapiga mluzi kwenye korido. Nikapangiwa kuyatangaza matokeo hayo kwenye mkutano mkubwa wa watafiti.

Wiki chache kabla ya mkutano, nikaona alama nyeusi pembeni mwa kipande, pale tunapokishika kwa kibano cha chuma. Niliusafisha ukingo ule kwa asidi, nikapima tena. Usumaku ulikuwa umetoweka karibu wote. Kumbe ilikuwa ni chuma kilichobaki pale kibano kilipokwaruza.

Mwenzangu wa maabara, tunayemwita Mrefu, alinivuta kando. "Chiriku, safari hii tu, funga mdomo. Tutaangalia baada ya mkutano."

Nisikufiche, nilitamani kumsikiliza. Lakini miguu ilikwisha kunipeleka mlangoni kwa Mwalimu. Alinisikiliza, akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Una hakika?"

"Nina hakika na kipande kimoja, Mwalimu."

"Basi tutengeneze vingine. Na kibano kiwe cha plastiki."

Hapo ndipo likizo yangu ilipoliwa. Vipande vipya tulivishika kama mayai. Umeme ulipita vilevile, lakini usumaku haukuonekana. Mwalimu hakunigombeza wala hakunipongeza. Aliacha tu kupiga mluzi, na hilo ndilo lililoniuma.

Mkutanoni nilisema yote. Kisha akasimama mama mmoja mwenye mvi, ambaye nimejifunza kazi hii kwa kusoma maandishi yake.

"Ahsante, binti," akasema. "Nahisi na sisi tumekuwa tukikipima kibano chetu, tukakiita ugunduzi."

Watu waliangua kicheko, Shangazi! Mwalimu alicheka kuliko wote. Baadaye, kwenye chai, alinishika bega akawa ananizungusha kwa wenzake, mmoja baada ya mwingine: "Huyu ni mwanafunzi wangu. Huyu hapa." Niliona haya, lakini sikutaka aache.

Mrefu naye amenitaka radhi kwa mtindo wake: nimekuta mezani kwangu boksi zima la vibano vya plastiki, limefungwa utepe.

Likizo nimerudishiwa, mwezi ujao nitakuwa kwenu. Mwambie mdogo wangu amzoeshe mtoto kwa watu wengi kabla sijafika, nataka anililie kidogo tu.

Nisalimie Babu, mwambie redio yake nitaitengeneza mwenyewe. Wasalimie binamu fundi cherehani na jirani wa mlango wa pili. Mungu akutunze, akuongezee nguvu na usingizi mtamu.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye popote nilipo,
Chiriku