Taa Nyekundu ya Gari ya Baba

S.L.P. 214,
Kitengela.
Agosti 19, 2024.

Mpendwa ndugu yangu Irungu,

Habari za huko Edmonton, na mwili je? Mara ya mwisho sauti yako ilikuwa ya mafua ukanidanganya eti ni mtandao. Natumaini umepona, na Ndunge pia ni mzima. Hapa baridi bado haijatuachia. Siku hizi nafungua karakana saa mbili badala ya saa moja, kwa sababu asubuhi spana zinauma vidole. Mama ni mzima. Magoti yanamsumbua lakini anatembea, na anakula vizuri.

Ningeweza kukupigia. Lakini hili nikilisema kwa simu nitalia, au mtandao utakatika ubaki na nusu ya habari. Ndiyo maana nimempa Kiama, jirani yetu anayerudi huko Ijumaa, akukabidhi barua hii mkononi. Isome ukiwa umekaa.

Kwanza nikueleze kwa nini Mama alihamia kwa shangazi yetu, Tata Shiro, kule Nkoroi. Najua Tata alikuambia, na ukafikiri mimi na Mama tumekosana. Hatukukosana. Mama aliihama ile Pijo ya Baba.

Tangu tumzike Baba mwezi wa tatu, gari ilikuwa imefungiwa kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba. Mwanzo wa mwezi wa saba nilichaji betri nikairudisha na kuwasha injini kidogo, nikihofia isije ikaganda. Jumapili iliyofuata Mama aliingia bandani kuchukua mwavuli. Unajua mle ndani kuna giza hata mchana. Akaona kitu chekundu kikiwaka nyuma ya usukani. Ilikuwa ile taa ya chaji, yenye picha ya betri, inawaka kwa unyonge. Ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwake. Aliniambia aliutoa akautazama kiganjani, kisha akaitazama taa.

Hakupiga kelele. Alifunga mlango, akaenda kanisani, na jioni mchungaji akaja kuombea gari. Asubuhi taa bado ilikuwa inawaka. Siku mbili baadaye ikazima yenyewe, Mama akamshukuru Mungu. Halafu mimi, bila kujua lolote, nikapita pale nikakuta betri imekufa, nikaichaji tena. Kesho yake ikawaka. Mama alipakia nguo zake siku hiyo hiyo.

"Baba yako hajamaliza safari yake," aliniambia. "Uza hiyo gari, Nyawira. Mimi sirudi hapo ikiwepo."

Miaka kumi na moja nimefanya kazi ya umeme wa magari, na Baba ndiye alinifundisha kushika mita ya umeme. Kwa hivyo Jumamosi moja, saa sita mchana, nilikwenda peke yangu kuipima. Taa ilikuwa inawaka vile vile Mama alivyosema. Betri niliyoichaji juzi yake ilikuwa imeshuka hadi volti kumi na moja. Nikafungua boneti, nikaweka mkono juu ya alteneta, ile mashine inayochaji betri.

Ilikuwa na joto.

Irungu, gari haikuwa imewashwa wiki nzima. Injini ilikuwa baridi kama jiwe, rejeta baridi, mabati yote ya banda baridi. Ni alteneta pekee iliyokuwa na joto, joto la mtu, kama kitu kilicholala usingizi. Niliondoa mkono nikarudi nyuma, nikakaa juu ya jerikeni, na sikusimama mpaka nilipokumbuka kazi yangu.

Niliporudi nilifungua ule waya mnene unaotoka kwenye alteneta kwenda kwenye betri. Taa ikazima papo hapo. Nikaurudisha, ikawaka. Hapo nikapumua. Ndani ya alteneta kuna vyuma vidogo vinavyoitwa diodi, na kazi yake ni kama mlango wa upande mmoja: umeme uende kwenye betri, usirudi. Mlango ukiharibika, umeme wa betri unarudi ndani pole pole. Alteneta inapata joto gari ikiwa imelala, betri inakufa, na taa inaweza kuwaka bila ufunguo. Nilimpigia Mama nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa. Lakini bado uza."

Diodi za alteneta kuukuu kama ile hazipatikani hapa Kitengela. Aliye nazo ni Musila, fundi mzee wa Kajiado. Injini ikiwashwa alteneta ilikuwa bado inachaji, nilipima nikapata volti kumi na tatu na nusu, nikaona inaweza kunifikisha. Nikaichaji betri kwa muda wa saa tatu, na Jumatatu asubuhi nikaingia barabarani.

Mpaka Isinya nilikwenda vizuri. Nilipovuka yale matuta ya mwisho ya mji, gari ikatingishika na taa nyekundu ikawaka kabisa, si kwa unyonge tena. Kulikuwa na manyunyu. Waipa zikaanza kwenda pole, kila mzunguko pole zaidi, mpaka zikasimama katikati ya kioo. Indiketa ikakataa. Kilomita chache mbele injini ikakohoa ikafa, nikaiacha iserereke hadi kando ya barabara. Nilikuwa nachaji simu kwa ile soketi ya sigara. Simu nayo ilikuwa imezima.

Nilishuka na mita yangu, na ndipo nilipoona nimesimama wapi. Ni pale alipofia Baba, kwenye kalavati iliyopakwa chokaa. Polisi walituonyesha, mimi na Mama, siku tuliyokwenda kuchukua gari. Gurudumu la mbele lilikuwa limekanyaga changarawe ile ile.

Mbuga yote ilikuwa tupu, hakuna ng'ombe, hakuna gari. Nilijiambia matuta yametingisha kitu ndani ya alteneta na betri ni mbovu, na gari yenye ugonjwa ule ule lazima ifie mahali pale pale. Nilijiambia hivyo kwa sauti. Sauti yangu haikunisaidia.

Nilipoinua kichwa, mama mmoja wa Kimaasai alikuwa anakuja akikatiza nyasini, shuka kichwani kwa sababu ya manyunyu. Hakuwa anaharakisha. Alinisalimia, "Takwenya," nikaitikia, "Iko." Aliitazama gari muda mrefu kabla ya kunitazama mimi.

"Wewe ni msichana wake," akasema.

"Wa nani, yeyo?" nikauliza, nikimwita mama kwa Kimaasai.

"Wa huyo mzee. Mna macho moja."

Anaitwa Namunyak. Boma lake liko nyuma ya miti ya migunga, mwendo wa dakika tano. Tukasimama pale kando ya barabara, akaniambia mambo ambayo polisi hawakutuambia, labda kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Ndugu yangu, hapa ndipo nilitaka ukae.

Sote tunajua ulivyoibeba moyoni Alhamisi ile aliyokufa Baba. Mlikuwa hamjasemezana na Baba tangu Januari, ulipomwambia umeoa bila kumleta msichana nyumbani kwanza, na yeye akakuambia usimpigie tena. Alhamisi ile ukapiga. Mara ya kwanza ililia haikushikwa, mara mbili zilizofuata ikawa imezimwa. Ukamwandikia Mama: "Hata leo amenizimia." Jioni yake ndipo tukakupigia kukuambia amekufa. Umekuwa ukiishi na hilo neno lako miezi mitano.

Baba hakukuzimia. Gari ilimfia pale kalavati. Namunyak anasema alifika bomani kwa miguu, jasho likimtoka, simu mkononi, akaomba kuichaji kwa sola. "Kijana yangu amepiga sasa hivi," alimwambia, "na kabla sijashika, simu imekufa kama gari. Atafikiri nimemkataa." Alisema hivyo mara mbili. Namunyak akaiweka kwenye chaji, akampa chai. Aliimaliza yote. Kisha akasema kifua kinambana, anaenda kulala kidogo kwenye gari, simu ikipata nguvu aitwe.

"Ningemzuia," Namunyak aliniambia. "Ningemwambia alale kwangu. Lakini mwanaume wa umri ule humwambii alale kwako."

Simu ilipowaka aliichukua akampelekea. Alimkuta amekaa, mikono kwenye usukani. Yeye ndiye aliyewasimamisha watu barabarani, na ndiye aliyewakabidhi polisi simu. Sisi tukaipokea ndani ya karatasi ya nailoni bila kuuliza ilitoka wapi.

Kuna jambo lingine alilosema, na nimesitasita kama nikuandikie. Alisema tangu siku ile amesikia gari hii mara tatu. Anaijua sauti yake, kile kikohozi cha mwisho kabla ya kuzima. Mara zote tatu ametoka na kutembea hadi barabarani, na mara zote tatu hakukuta kitu. Asubuhi ile aliisikia mara ya nne, akakaribia kutotoka. Gari ilikuwa imefungiwa bandani miezi yote hiyo, Irungu, haijatoka nje hata mara moja. Sina mita ya kupima jambo kama hilo. Nakuandikia kama nilivyoambiwa.

Lori la ng'ombe lilinivuta hadi Kajiado. Musila aliifungua alteneta mezani pake akanionyesha: diodi mbili zimekufa, na kaboni moja, ile inayopeleka umeme ndani, imekwisha, imebaki kipande kama cha kucha, springi yake imekwama. Ukiigonga inaachana na chuma kinachozunguka, na chaji inakatika. Matuta ya Isinya ndiyo yaliyokuwa yanaigonga. Akabadilisha vyote. Mita ikasoma kumi na nne nukta moja, taa ikazima kama inavyotakiwa. Nilirudi siku hiyo hiyo jua likiwa bado juu, nikapita kalavati bila kusimama. Nilitaka kupunguza mwendo lakini mguu ulikataa.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja Nkoroi, nikamkalisha Mama jikoni kwa Tata, nikamsimulia. Hakuuliza habari za taa. Aliniomba nirudie maneno ya Baba, yale ya "atafikiri nimemkataa", nikarudia. Akaingia chumbani, akatoka na mfuko wake umefungwa. Amelala kwake tangu siku hiyo, na hataki tena iuzwe. Sijui kama anaingia bandani.

Na sasa la mwisho, ambalo Namunyak aliniambia tukisubiri lori. Nilikuwa sijamtajia mkeo. Aliniuliza yeye mwenyewe, "Ndunge ni nani?"

Nikamwambia ni mke wa ndugu yangu, Mkamba wa Machakos.

Akacheka, akiwa ameziba mdomo kwa shuka. Alisema wakati simu iko kwenye chaji, Baba alimwuliza kama anajua salamu za Kikamba, maana akikupata atakuambia umpe mkeo simu amsalimie, na hataki kuanza na Kiswahili kama mgeni. Namunyak akamwambia yeye ni Mmaasai, atazijulia wapi. Baba naye akacheka. Walikaa pale, Mkikuyu na Mmaasai, wakijaribu kukumbuka maneno waliyowahi kusikia Wakamba wakisema sokoni, na hakuna hata moja waliloliweza.

Namba ya Namunyak nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Anasema umpigie baada ya kukamua, na uwe na Ndunge hapo kando, amfundishe ile salamu iliyowashinda.

Mama anawasalimu nyote wawili, na Tata Shiro pia, ambaye anasema ng'ombe wake amezaa ndama jike. Mungu awafunike huko mliko na awalinde mkilala na mkiamka.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda siku zote,

Nyawira.